Mwanamke mzee wa Rumonge ale nini?

Mwanamke aliyevuka miaka 55 anayeishi Rumonge, Minago au Nyanza-Lac hupokea ushauri wa chakula kutoka kila upande, na ushauri huo haupatani. Akipimwa presha ikakutwa juu, anaambiwa aache mawese na chumvi. Sokoni anaambiwa mawese ndiyo dawa. Redioni anahimizwa ale samaki, huku bei ya mukeke ikimshinda. Mtoto wake aliye Bujumbura au Ulaya anamtumia ujumbe wa simu kwamba wanga unaua, aachane na bugali. Akijaribu kuwatii wote, hana cha kupika.

Nyuma ya mkanganyiko huu kuna kauli kuu tatu. Kila moja ina ushahidi wake, na kila moja ilitungwa ikimfikiria mwanamke fulani, ambaye huenda siye huyu wa pwani ya Ziwa Tanganyika. Kabla ya kuzipima, tutazame kwanza mwambao huu unakula nini, na mwili wa mwanamke unabadilikaje umri unaposonga.

Kinachopikwa kati ya ziwa na milima

Mji wa Rumonge uko kilomita 70 na kitu kusini mwa Bujumbura, kwenye tambarare nyembamba ya Imbo, ziwa likiwa magharibi na miinuko ya Mirwa mashariki. Hapa ndipo kitovu cha michikichi ya Burundi. Chakula cha kila siku ni bugali wa muhogo, maharage, sombe (majani ya muhogo), lengalenga (mchicha), ndizi za kupika, viazi vitamu, na ndagala (dagaa) wanapopatikana. Karibu vyote hupikwa kwa mawese. Mukeke na sangala huliwa siku yenye fedha. Mjini, hasa kwenye mitaa ya Waislamu wanaozungumza Kiswahili, kuna pia wali, chapati, maandazi na chai iliyokolezwa sukari.

Kwenye eneo hili dogo wanaishi wanawake wawili walio tofauti sana. Mmoja yuko kilimani, mara nyingi mjane, mwembamba, bado anashika jembe, anakula mara moja au mbili kwa siku. Mwingine yuko mjini, ana meza ya biashara, anakaa kutwa nzima, uzito umeongezeka, na presha au sukari imeshaanza kumsumbua. Umri wao ni mmoja na lugha ya jikoni ni moja, lakini kinachomtishia huyu sicho kinachomtishia yule. Makosa mengi ya ushauri wa lishe huanzia pale wanawake hawa wawili wanapopewa maneno yaleyale.

Umri usiohesabiwa

Utafiti mkuu wa afya na idadi ya watu wa Burundi wa 2016–2017 ulihoji wanawake wa miaka 15 hadi 49. Kipimo cha kimataifa cha mlo mchanganyiko kwa wanawake, kinachotaka angalau makundi 5 ya vyakula kati ya 10 kwa siku, nacho kimetengenezwa kwa ajili ya umri huohuo. Sababu yake inaeleweka. Zaidi ya nusu ya watoto wa Burundi walio chini ya miaka 5 wamedumaa, na huo ni msiba unaostahili kila faranga inayoelekezwa huko. Lakini matokeo yake ni kwamba mwanamke akishatimiza miaka 50 anatoka kwenye hesabu. Bado anapika, analima, analea wajukuu, na bado ana miaka mingi ya kuishi, ila hakuna anayeuliza jana alikula nini.

Umoja wa Mataifa umeitangaza miaka ya 2021 hadi 2030 kuwa muongo wa kuzeeka kwa afya. Tangazo hilo ni jema. Lakini bila vipimo vinavyomfikia mama mzee wa huku Rumonge, kama wa Burambi au Kizuka, pengo linajazwa na matokeo ya tafiti za nchi nyingine, na hapo ndipo ushauri unapoanza kugongana.

Mwili baada ya hedhi kukoma

Hedhi ikikoma, homoni ya estrojeni hushuka. Mifupa hupoteza madini kwa kasi katika miaka ya mwanzo, kolesteroli mbaya hupanda, shinikizo la damu huelekea juu, na misuli hupungua kidogo kidogo. Upungufu wa misuli hausemwi sana, lakini ndio unaoamua kama mwanamke wa miaka 75 atainuka mwenyewe kutoka mkekani na kubeba ndoo yake ya maji.

Mwili huu unahitaji nishati pungufu kuliko zamani, kwa kuwa misuli yake imepungua. Hitaji la protini halipungui. Wataalamu wa afya ya wazee wanapendekeza gramu 1 hadi 1.2 kwa kila kilo ya mwili kwa siku, wakati kiwango cha kawaida cha mtu mzima ni gramu 0.8. Hii ndiyo maana halisi ya ubora wa mlo uzeeni: tonge ni chache, hivyo kila tonge linapaswa kubeba zaidi.

Kuhusu mifupa, Afrika ina somo lake. Marekani inawataka wanawake waliopita miaka 50 wapate miligramu 1,200 za kalsiamu kwa siku, kiasi ambacho hapa kisingefikiwa bila maziwa mengi. Lakini tafiti ndefu za mtafiti Ann Prentice na wenzake katika kijiji cha Keneba, Gambia, zilikuta wanawake wanaopata kalsiamu ndogo sana kuliko hiyo, na bado kuvunjika nyonga kulikuwa nadra. Kazi za mikono, jua na maumbile vimetajwa kuwa miongoni mwa sababu. Hili halimaanishi kwamba mifupa ya Mwafrika haidhoofiki, maana inadhoofika. Maana yake ni kwamba namba iliyokadiriwa kwa maisha ya Boston isibebwe nzimanzima ikawa kipimo cha maisha ya Mugara, hapa Rumonge.

Kauli ya kwanza: turudi kwenye chakula cha asili

Kauli hii inapendwa, na ina nguvu kuliko wanavyodhani wanaoidharau. Machi 2025 jarida la Nature Medicine lilichapisha uchambuzi wa watu 105,015 nchini Marekani, wengi wao wanawake, waliofuatiliwa kwa miaka 30. Waliofika miaka 70 wakiwa hawana magonjwa makubwa ya kudumu, wenye akili timamu na mwili unaojiweza, walikuwa 9.3 tu kwa mia. Waliokula zaidi mboga, matunda, nafaka zisizokobolewa, kunde, karanga na mafuta yasiyoganda walikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kuwa miongoni mwao. Vinywaji vya sukari, chumvi na vyakula vya viwandani viliendana na uzee mbaya. Ukiiweka sahani ya maharage, lengalenga na ndagala mbele ya matokeo hayo, haina cha kuonea aibu.

Udhaifu wa kwanza wa kauli hii uko kwenye ushahidi wenyewe. Watu waliochunguzwa walikuwa wafanyakazi wa afya wenye kipato, waliochagua walichokula katikati ya wingi. Mtu anayechagua mboga akiwa na uwezo wa kununua nyama kila siku ana mambo mengine mengi yanayomlinda: daktari, nyumba, akiba. Ni vigumu kutenganisha nguvu ya mboga na nguvu ya akiba.

Udhaifu wa pili ni wa kihistoria. Chakula kinachoitwa cha mababu si cha zamani kiasi hicho. Muhogo ulitoka Amerika, na ulienea Burundi kwa kasi chini ya utawala wa Wabelgiji, walioulazimisha kama kinga dhidi ya njaa. Kabla yake mtama, ulezi na kunde zilikuwa na nafasi kubwa zaidi kuliko leo. Mashamba makubwa ya michikichi ya Imbo nayo yamepanuka katika karne iliyopita. Tofauti hii ina uzito kwa mwanamke mzee kwa sababu unga wa muhogo una protini ndogo sana, gramu 2 hivi au chini ya hapo katika kila gramu 100, wakati ulezi na mtama huwa na mara nne au tano ya hiyo. Kwa hiyo mtu akisema turudi kwenye asili, aulizwe ni asili ya mwaka gani.

Kauli ya pili: ondoa mafuta, chumvi na wanga

Hii ndiyo kauli ya hospitali, na inahitaji kufumuliwa vipande, kwa sababu inafunga pamoja mambo matatu yasiyolingana.

Tuanze na mafuta. Nchini Marekani wanawake 48,835 waliokwisha kukoma hedhi waliingizwa katika jaribio kubwa ambamo baadhi walifundishwa kupunguza mafuta kwa jumla. Matokeo yaliyotolewa 2006, baada ya miaka 8 hivi, hayakuonyesha kupungua kwa maana kwa magonjwa ya moyo, kiharusi wala saratani ya utumbo mpana, na kwa saratani ya matiti tofauti ilikuwa ndogo isiyotosha kuthibitisha. Jaribio la Hispania lenye watu 7,447, lililochapishwa 2013 na kurekebishwa 2018, lilikwenda upande wa pili: waliopewa kwa wingi mafuta ya zeituni, au njugu za miti kama lozi, walipatwa mara chache zaidi na mshtuko wa moyo au kiharusi. Kupunguza mafuta kwa jumla, basi, hakujathibitika kuwa ngao. Aina ya mafuta ndiyo yenye neno.

Na mawese ni aina gani? Karibu nusu yake ni mafuta yanayoganda, yale yanayopandisha kolesteroli mbaya yakilinganishwa na mafuta ya alizeti au soya. Hilo halina ubishi. Lakini mawese mekundu yana karotini nyingi, chanzo cha vitamini A, ambayo hupotea yakichomwa mpaka yakageuka meupe au yakisafishwa kiwandani. Tena yasichanganywe na mafuta ya mise, yatokanayo na kokwa, ambayo zaidi ya asilimia 80 ni mafuta yanayoganda.

Hesabu inasaidia kuliko hofu. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilishauri mafuta yanayoganda yasizidi sehemu moja ya kumi ya nishati ya siku. Kwa mwanamke anayekula kalori 1,800 hiyo ni gramu 20, sawa na gramu 40 za mawese, vijiko vitatu vikubwa vya chakula, kama hana mafuta mengine ya namna hiyo. Mama wa kilimani hafiki hapo. Kumnyima vijiko vyake viwili ni kumnyima kalori zaidi ya 200 katika mwili ambao tayari umekauka. Mama wa mjini anayekula maandazi asubuhi, chapati mchana na samaki wa kukaangwa jioni anaweza kupita kiwango hicho bila kujua, na kwake ushauri wa kupunguza ni sahihi.

Chumvi haina utetezi wa namna hiyo. Kiwango kinachoshauriwa duniani ni chini ya gramu 5 kwa siku, kijiko kimoja cha chai, na mwili wa mwanamke mzee hukabiliana na chumvi vibaya zaidi kuliko wa kijana. Hapa chumvi huingia kwa njia tatu: ya sufuriani, ya vidonge vya kukolezea mchuzi, na ya samaki wakubwa waliokaushwa kwa chumvi. Ndagala waliokaushwa juani bila chumvi hawamo kwenye lawama hiyo. Kupunguza chumvi hakugharimu chochote na hakumnyimi mtu lishe, mradi chumvi kidogo inayobaki iwe yenye madini joto. Katika vyote vinavyoondolewa sahani ya mwanamke mzee, hiki ndicho pekee kinachoweza kuondolewa kwa wote wawili bila hasara.

Wanga nao umesingiziwa. Utafiti wa 2017 uliofuatilia watu 135,335 katika nchi 18, Burundi ikiwa haimo, ulikuta kwamba waliopata sehemu kubwa kabisa ya nishati yao kutoka kwenye wanga walikufa zaidi. Habari hiyo ilisambaa kwenye simu kama hukumu ya kifo kwa ugali. Lakini katika nchi maskini, anayekula wanga mtupu ni yule asiyeweza kununua kingine. Wanga hapo ni alama ya umaskini, na kumwondolea mtu alama hakumwondolei umaskini wake. Kwa mwenye sukari, ni kweli tonge lipunguzwe na chai isitiwe sukari. Kwa asiye nayo, swali si ukubwa wa bugali bali kilicho kando yake.

Kauli ya tatu: kwanza apate

Kauli ya tatu inasema kwamba mjadala wote juu ya ubora ni anasa: mwanamke mzee apate chakula cha kutosha, hasa samaki na maharage, mengine yatafuata. Hesabu inaiunga mkono. Mwanamke wa kilo 50 anahitaji gramu 50 hadi 60 za protini kwa siku. Gramu 400 za unga wa muhogo zinampa kalori kama 1,400, zinamshibisha, na zinamwachia gramu 8 hivi za protini, pengine pungufu. Akiongeza gramu 100 za maharage makavu anapata 20 na kitu zaidi. Akiongeza gramu 30 za ndagala wakavu, viganja viwili hivi, anapata nyingine 18 au karibu. Sombe inaongeza kidogo. Hapo ndipo anapokaribia 50, na bila maharage na ndagala hafiki hata robo. Ndagala pia huliwa wazima na mifupa yao, hivyo hubeba kalsiamu, chuma na vitamini B12 kwa pamoja.

Kinachokwamisha ni upatikanaji wenyewe, na sababu zake ziko mbali na jiko. Ziwa limepata joto, na mwaka 2003 Catherine O'Reilly na wenzake walionyesha katika jarida la Nature kwamba maji ya juu na ya chini hayachanganyiki kama zamani, kwa hiyo virutubisho vinavyolisha samaki haviinuki. Wakakadiria kwamba mavuno ya samaki huenda yameshuka kwa asilimia 30 hivi. Nchi za ziwa zimeanza kusimamisha uvuvi kati ya katikati ya Mei na katikati ya Agosti ili samaki wazaliane. Hatua hiyo ni ya lazima, na faida yake inamhusu huyuhuyu bibi na wajukuu wake, lakini miezi hiyo mitatu inamkuta asiye na akiba ya ndagala wakavu. Tangu 2020 maji ya ziwa yaliyopanda yamefunika pia nyumba na bustani za kando ya pwani.

Kuna pia suala la ardhi. Wanawake wenye miaka 55 hadi 70 leo walikuwa watoto na wasichana mwaka 1972, mauaji yalipoanza huku kusini na kuenea nchi nzima. Wengi walikulia kwenye makazi ya wakimbizi ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu nchini Tanzania. Waliporudi, hasa kuanzia 2008, walikuta watu wengine kwenye michikichi ya wazazi wao, na Rumonge ikawa mojawapo ya sehemu zenye kesi nzito za ardhi nchini. Juu ya hayo, mila humrithisha ardhi mtoto wa kiume, na Burundi haina sheria ya mirathi inayompa binti haki sawa. Mjane hulima kwa ridhaa ya wanawe au shemeji zake. Mwanamke asiye na shamba la maharage analazimika kuyanunua, na mwaka ambao bei imepanda anarudi kwenye muhogo mtupu. Ubora wa mlo wake uliamuliwa kwenye baraza la ukoo kabla haujaamuliwa jikoni.

Kuni na meno navyo vimo. Maharage yanachukua saa nyingi motoni, na mwanamke anayeishi peke yake huyaepuka kwa sababu hana nguvu za kuokota kuni za kuyaivisha. Aliyepoteza magego hawezi kuyatafuna vizuri. Haya ni mambo madogo kwa mpanga sera, lakini kwa mwanamke wa miaka 70 yanatosha kufuta chanzo chake kikuu cha protini.

Udhaifu wa kauli hii ni kwamba inamsahau mama wa mjini. Kwake shibe ipo, na shibe hiyo ndiyo inayomdhuru. Tena kuna sababu ya kumwangalia kwa makini: Waholanzi waliokuwa tumboni wakati wa njaa ya 1944–1945 walipofika umri wa kati walionekana kushindwa kudhibiti sukari ya damu zaidi ya wenzao. Mwili uliopangwa kwa uhaba hupokea wingi kwa shida. Kizazi kilichokulia ukimbizini, kisha kikafungua biashara mjini, kinastahili kupimwa sukari mapema, bila kungoja mpaka vidonda vya miguu vije.

Tukizipima pamoja

Kauli ya pili, ile ya kuondoa, imepata nguvu kuliko inavyostahili kwa sababu ni rahisi kuitamka ndani ya dakika tatu za mhudumu wa kituo. Kwa wanawake wengi wa mwambao huu, hatari kubwa ni kile kinachokosekana kwenye sahani. Ukiacha chumvi, na ukiacha sukari na kukaanga kwa wale ambao tayari wana uzito mkubwa au kisukari, ushauri wa kuanza nao ni wa kuongeza: ndagala kila siku hata kama ni kiganja, maharage, majani ya kijani, na ulezi au mtama kuchanganywa kwenye unga wa muhogo. Mawese mekundu yabaki kwa kipimo cha kijiko, na kijiko hicho kipungue kadiri mwili unavyonenepa.

Ushauri huu una gharama. Kuongeza samaki kunaligusa ziwa lililochoka, na ndagala wanaoliwa na wazee wanahitajika pia na watoto wanaodumaa. Ndiyo maana hasara ya baada ya uvuvi ni ya kwanza kushughulikiwa: samaki wanaoanikwa mchangani huoza au kuingia mchanga mvua ikinyesha, wakati vichanja vya waya vilivyoinuliwa, ambavyo Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) lilisaidia kuvieneza kwenye pwani ya Burundi, huokoa samaki walewale bila kutupa wavu mmoja zaidi. Akiba iliyokaushwa vizuri kabla ya katikati ya Mei ndiyo inayomvusha bibi hadi Agosti. Kwa asiye na meno, ndagala husagwa unga ukamwagwa kwenye sombe, na kuloweka maharage usiku kucha hupunguza kuni.

Yaliyobaki hayawezi kutatuliwa na mpishi. Kituo cha afya kinaweza kumpima mwanamke mzee uzito na mzunguko wa mkono kabla ya kumkataza chochote, maana mizani na utepe vipo tayari kwa ajili ya watoto na wajawazito. Utafiti ujao wa afya ya kaya unaweza kuvuka mpaka wa miaka 49. Na sheria ya mirathi, iliyosubiriwa kwa miongo, ikimpa binti sehemu yake ya shamba la baba, itamfikisha kwenye maharage yake kwa njia ambayo hakuna redio wala kijitabu cha lishe kimewahi kuiweza.